Kutoka wageni watano hadi ukumbi mzima: shajara ya mradi wa chanoyu ya karne ya 20

Wiki ya 1: tunalinganisha na nini?

Mradi huu unaandaa mwongozo wa Kiswahili kuhusu mabadiliko ya chanoyu, desturi ya chai ya Kijapani, tangu mwisho wa enzi ya Meiji (1868–1912) hadi mwaka 2000. Njia ni kurudia vikao vitano vya vipindi tofauti, na katika kila kimoja kupima mambo matatu: muda, kiasi cha chai na maji, na idadi ya watu wanaofanya kazi. Historia hii mara nyingi husimuliwa kwa majina ya wakuu wa nyumba, yaani koo zinazofundisha chai. Majina yatakuwepo, lakini ushahidi tunautafuta kwenye majivu, kwenye kata ya maji na jikoni.

Kikao cha kulinganishia ni chaji, yaani mwaliko kamili. Wageni ni watano hivi, si zaidi, na kikao huchukua takriban saa nne. Majira ya ro, shimo la moto lililokatwa katikati ya mikeka (Novemba hadi Aprili), mwenyeji hupanga makaa kwanza mbele ya wageni ili chumba kipate joto. Hufuata mlo wa kaiseki, kitamutamu laini, mapumziko bustanini, chai nzito, makaa mara ya pili, na mwisho chai nyepesi. Majira ya furo, jiko la kuhamishika (Mei hadi Oktoba), mlo hutangulia makaa. Mwenyeji hupiga kila bakuli, yaani huukoroga unga wa chai kwenye maji ya moto, kwa mkono wake mbele ya macho ya wageni. Sentensi hiyo moja ndiyo tutakayoirudia kila wiki, kwa kuwa karne ya 20 iliibadilisha.

Uamuzi wa lugha: chungu cha chuma cha kuchemshia maji huitwa kama kwa Kijapani. Neno hilo halitufai. Msomaji wa Kiswahili akikuta “kama iko juu ya makaa” atasoma kitu kingine kabisa, kwa hiyo tumeandika “chungu cha chuma”. Hishaku ni kata, na kata ya mwanzi haihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kuteka maji mtungini kwa kifuu. Tokonoma ni shubaka la ukutani. Chasen tumeliacha lilivyo: ni ufagio mdogo wa kupigia chai, uliochongwa kutoka kipande kimoja cha mwanzi.

Wiki ya 2: vipimo vya bakuli

Chai nzito, koicha: gramu 3.75 kwa kila mgeni. Kiasi hicho ni monme moja, kipimo cha zamani cha uzito cha Kijapani. Wageni watano hunywa bakuli moja kwa zamu, kwa hiyo bakuli hupokea gramu 18.75 za unga wa chai na kati ya mililita 150 na 200 za maji. Maji hutiwa mara mbili. Ya kwanza ni machache, ya kutosha kuulowesha unga tu. Unakandwa polepole mpaka ung’ae kama rangi ya mafuta. Ya pili hulegeza uzito.

Makosa tuliyoyafanya kwa makusudi ili tuyaandike: maji ya kwanza yakizidi, madonge huelea na chasen huyafukuza huku na huku badala ya kuyavunja. Unga usipochekechwa, madonge hubaki hata kama mkono ni hodari, maana unga laini kiasi hiki hushikana wenyewe ndani ya kopo. Bakuli lisipopashwa moto, chai huganda ukingoni, na mgeni wa tano hupata tope la baridi.

Chai nyepesi, usucha: gramu 2 hivi, yaani kijiko cha mwanzi kimoja na nusu kilichojaa, na mililita 60 hadi 70 za maji. Maji yanatoka chunguni yakichemka, lakini yakipita katika kata na kuingia bakulini hushuka hadi karibu nyuzi 80, panapotakiwa. Mkono wa chasen ni kifundo tu, mbele na nyuma, ncha zisikwaruze chini. Nyumba ya Urasenke hufunika uso wote kwa povu. Omotesenke, nyumba nyingine, huacha sehemu yenye umbo la mwezi mwandamo bila povu. Kwa hiyo mwongozo ukionyesha picha moja na kusema “usucha sahihi” utakuwa umekosea tangu ukurasa wa kwanza. Tutaweka picha mbili.

Wiki ya 3 na ya 4: makaa

Hapa tumekaa muda mrefu kuliko tulivyopanga, na haukupotea bure. Makaa ya chai hutengenezwa kwa mti wa kunugi, aina ya mwaloni, na yakikatwa huonyesha nyufa zinazotawanyika kama petali za ua. Huoshwa kuondoa vumbi, kisha hukaushwa kabisa. Vumbi likibaki, makaa hurusha cheche juu ya mikeka. Yakiwa na unyevu hupasuka kwa kishindo. Vipande vitatu vilivyokwisha kushika moto huwekwa kwanza, na vingine hupangwa kuvizunguka kwa urefu na unene uliokatwa kwa kila nafasi.

Kosa la kwanza la kila anayejifunza ni kubananisha. Moto wa makaa hula hewa ya chini. Vipande vikikumbatiana, vinakufa taratibu bila mtu kugundua mpaka maji yanaponyamaza. Katika ro, majivu yenye unyevu hunyunyizwa kandokando, na hewa huvutwa kuelekea kwenye moto. Ndani ya furo majivu hufinyangwa kwa kijiko cha chuma mpaka yawe na miteremko safi, na kazi hiyo peke yake inaweza kumaliza asubuhi nzima kwa mtu asiye na uzoefu.

Sauti ya maji, wanayoifananisha na upepo katika misonobari, haitoki kwenye moto. Hutoka kwenye vipande vidogo vya chuma vilivyobandikwa kwa laka ndani, kwenye sakafu ya chungu. Tunaliandika hili mapema kwa sababu litarudi tukifika kwenye umeme.

Wiki ya 5: karne ya 20 inaanza mwaka 1872

Baada ya mapinduzi ya Meiji mwaka 1868, na hasa himaya za mabwana waliotawala majimbo (daimyo) zilipofutwa mwaka 1871, walimu wa chai walipoteza wafadhili wao. Nyumba tatu za ukoo wa Sen huko Kyoto, yaani Omotesenke, Urasenke na Mushakojisenke, zilikuwa zimehudumia mabwana hao kwa vizazi. Ghafla hapakuwa na mshahara.

Mwaka 1872 Gengensai, mkuu wa 11 wa Urasenke, alifanya mambo mawili. Aliandikia serikali kupinga walimu wa chai kuwekwa fungu moja na watumbuizaji. Na kwa ajili ya maonyesho ya Kyoto, yaliyotarajia wageni kutoka nje, alibuni ryurei, namna ya kupiga chai mezani, mwenyeji na wageni wakiwa wamekaa kwenye viti. Barua ile ilitetea hadhi ya chai kama njia ya maadili, na meza iliifungulia mlango kwa mtu asiyeweza kupiga magoti na kukalia visigino. Karibu kila jambo la karne iliyofuata lina mzizi katika moja ya hayo mawili.

Wiki ya 6: nani anafundisha, nani anajifunza

Kwa kuwa mabwana hawakuwepo tena, wanafunzi walitoka kwingine. Atomi Kakei alipofungua shule yake ya wasichana Tokyo mwaka 1875, chai ilikuwa miongoni mwa masomo. Mkondo huo ulipanuka mpaka chanoyu, iliyokuwa kwa sehemu kubwa ya wanaume, ikawa mikononi mwa wanawake: mashuleni, katika maandalizi ya ndoa, na baada ya vita katika vilabu vya wafanyakazi wa makampuni. Alama ndogo ya jambo hili utaiona kiunoni: kitambaa cha hariri cha kufutia vyombo, fukusa, cha kawaida ni zambarau kwa wanaume na nyekundu kwa wanawake, ukubwa wake takriban sentimita 27 kwa 29.

Badiliko la pili lilihusu siri. Zamani mwalimu alitoa hatua moja baada ya nyingine kwa mdomo, kila moja na kibali chake. Mwaka 1898 Tanaka Sensho alianzisha chama cha Dai Nihon Chado Gakkai akitaka hatua hizo zichapishwe na kujadiliwa hadharani. Nyumba za Sen hazikukubali njia yake, lakini nazo zilihitaji kuwafikia wanafunzi walio mbali na Kyoto. Ennosai, mkuu wa 13 wa Urasenke, alianza kutoa jarida la kila mwezi mwaka 1908, na mwaka 1911 yakaanza mafunzo ya majira ya joto. Walimu wa mikoani walikusanyika, wakasahihishwa mikono, wakarudi kwao wakifundisha namna moja.

Matokeo yake kwa vitendo ni makubwa kuliko yanavyosikika. Palipokuwa na tofauti kati ya mwalimu na mwalimu, sasa palikuwa na jibu moja: mguu upi uingie kwanza chumbani (Urasenke wa kulia, Omotesenke wa kushoto), kata ishikwe wapi, kitambaa kikunjwe mara ngapi. Mtu anayedhani usawa huu umetoka kwa Sen no Rikyu, bingwa wa chai aliyefariki mwaka 1591, anaona kazi ya majarida na madarasa ya karne ya 20 bila kuitambua.

Uamuzi: taratibu nne za ngazi ya juu zinazoitwa shikaden, ambazo Urasenke hufundisha kwa mdomo bila kuandika, hatutaziandika hatua zake. Mwongozo utazitaja majina na kueleza kwamba hupokelewa kwa mwalimu.

Wiki ya 7: bakuli moja au bakuli tano (1911)

Kikao cha pili kati ya vitano. Mwaka 1911 Ennosai alitoa utaratibu wa kakufuku-date, ambapo kila mgeni hupata bakuli lake la koicha badala ya wote kugusa ukingo mmoja kwa midomo. Sababu ilikuwa usafi. Utaratibu huo ulikaa pembeni kwa muda mrefu, kisha mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, ukatolewa tena na kufundishwa kila mahali.

Tulipoufanya, hesabu ya chai haikubadilika: bado ni gramu 3.75 mara tano. Kilichobadilika ni kila kitu kingine. Bakuli la gramu 18.75 lina wingi unaolinda joto. Bakuli la gramu 3.75 na mililita 35 za maji hupoa upesi mno, na kwa kuwa chai ni kidogo, husambaa na kubaki imeng’ang’ania kuta. Tiba ni bakuli dogo zaidi lenye kitako chembamba, lililopashwa moto sana. Muda nao unaongezeka: kukanda mara tano hakuwezi kulingana na kukanda mara moja. Mwenyeji akifanya yote peke yake, mgeni wa kwanza amekwisha kunywa na anasubiri huku wa tano hajapata.

Suluhisho ni msaidizi anayeleta mabakuli mengine kwenye sinia ndefu kutoka mizuya, jiko la nyuma la chumba cha chai. Ndipo tulipoandika pembeni mwa karatasi: angalia mizuya.

Wiki ya 8: matajiri, makumbusho na vyombo vya kuigiza

Wakati nyumba za Sen zikijenga madarasa, kundi jingine liliendesha vikao vya chai bila kuzitegemea: wenye viwanda na mabenki. Masuda Takashi wa kampuni ya Mitsui, aliyejulikana kwenye chai kama Donno. Hara Tomitaro, mfanyabiashara wa hariri wa Yokohama aliyejenga bustani ya Sankeien na kuifungulia umma mwaka 1906. Nezu Kaichiro wa reli. Kobayashi Ichizo wa kampuni ya reli ya Hankyu. Hawa walinunua vyombo vilivyouzwa na familia za mabwana na mahekalu. Mwaka 1919, nyumbani kwa Masuda, kunjo la kale lenye picha za washairi 36 lililotoka kwa familia ya Satake lilikatwa vipande na kugawanywa kwa kura, kwa kuwa hakuna mmoja aliyeweza kulinunua zima. Kila kipande kikawa picha ya kutundika shubakani. Takahashi Yoshio alitumia miaka ya 1920 kuchapisha orodha kubwa ya vyombo mashuhuri, yenye picha na vipimo. Mtu wa kawaida aliweza, kwa mara ya kwanza, kuona vyombo ambavyo asingeruhusiwa kuvigusa.

Vyombo vingi vya kundi hilo viliishia makumbusho: la Nezu lilifunguliwa mwaka 1941, la Itsuo la Kobayashi mwaka 1957. Kodi ya mali ya mwaka 1946 na kuvunjwa kwa makampuni makubwa ya familia baada ya vita kuliwatenganisha wengine na hazina zao. Kwa mwanafunzi maana yake ni moja: bakuli linalofundishia ni utsushi, nakala iliyotengenezwa kwa mfano wa la kale.

Hapo wafinyanzi waliingia kwa nguvu. Mwaka 1930 Arakawa Toyozo aliokota kigae cha Shino, aina ya ufinyanzi, huko Ogaya, eneo la Mino, akathibitisha kwamba Shino ya karne ya 16 ilichomwa Mino na si Seto kama ilivyodhaniwa. Akajenga tanuri hapohapo na kuitafuta upya ile rangi nyeupe nzito yenye vishimo. Kaneshige Toyo alifanya kazi kama hiyo kwa ufinyanzi wa Bizen. Tunasisitiza hili kwa anayenunua bakuli leo: “mtindo wa kale” wa Shino unaouzwa madukani umepita kwenye mikono ya karne ya 20.

Angalizo la matunzo litakaloingia kisandukuni: bakuli la Raku au Hagi, aina nyingine mbili za ufinyanzi, hulowekwa kwanza kwenye maji safi. Udongo wake hunywa. Likipokea chai likiwa kavu, doa haliondoki. Sabuni haitumiki kwa sababu hiyohiyo.

Wiki ya 9: unga unatoka wapi

Zamani majani ya chai, yakiitwa tencha, yalihifadhiwa mtungini tangu mavuno ya masika. Mtungi ulifunguliwa Novemba, na majani yakasagwa nyumbani kwa kijaa. Kijaa kimoja cha mawe hutoa takriban gramu 40 kwa saa. Kikizungushwa haraka zaidi, mawe hupata joto na unga hupoteza harufu na rangi.

Kwa chaji ya wageni watano hesabu inakubali. Gramu 18.75 za koicha na kama 10 za usucha ni chini ya saa moja ya kusaga. Kwa kikao cha nne, chenye wageni 240 kwa siku, tunahitaji gramu 480 za usucha. Hizo ni saa 12 za kijaa kimoja bila kupumzika. Namba hii peke yake inaonyesha kwamba mikusanyiko mikubwa isingewezekana bila chai iliyosagwa kiwandani na kuuzwa kwenye makopo.

Upande wa ukaushaji, hatua ya uamuzi ni mwaka 1924 huko Uji, Horii Chojiro alipobuni tanuri la kukaushia tencha. Kabla yake majani yaliyopigwa mvuke yalikaushwa kwa mkono juu ya vitanda vya karatasi vilivyopashwa makaa chini. Tanuri ni handaki la matofali. Majani hupulizwa kwa feni juu ndani ya vyandarua virefu ili yaachane, kisha hupita juu ya mikanda ndani ya joto. Yasipoachana, yanakauka yakiwa yamekunjana na unga wake huwa na rangi ya kahawia.

Wiki ya 10: meza (1952)

Kikao cha tatu. Kwanza muktadha, kwa ufupi. Mwaka 1940, ulipoadhimishwa mwaka wa 350 tangu kifo cha Rikyu, Tantansai, mkuu wa 14 wa Urasenke, aliunganisha wanafunzi wa nyumba yake katika chama cha Tankokai. Omotesenke ilianzisha chama chake, Domonkai, mwaka 1942. Sheria mpya ya kiraia iliyofuata vita ilifuta mfumo wa ukoo wenye mkuu mmoja wa mali, na mwaka 1949 nyumba zote mbili zilisajili taasisi, Konnichian na Fushin’an, kushika majengo na vyombo. Mwaka 1951 mwana wa Tantansai, ambaye baadaye angekuwa mkuu wa 15, alikwenda Hawaii na Marekani kufundisha. Mwaka 1970 Urasenke ilianzisha mafunzo ya Kyoto kwa wanafunzi wa kigeni, na siku hizi utakuta vikundi vya chai katika miji mingi ya dunia.

Mwaka 1952 Tantansai alibuni misonodana, meza nyepesi kuliko ile ya 1872, chungu kikiwa kimezama ndani yake. Tulipojaribu kupiga chai mezani tulipata mambo haya. Meza ikiwa juu mno, kiwiko hupanda na kata hutoa maji kutoka juu, yakaruka nje ya bakuli. Ikiwa chini mno, mgongo hujikunja na mtu anasahau kupumua. Kipimo kilichotusaidia ni kiwiko kuwa juu ya uso wa meza kidogo tu, bega likiwa limetulia. Kutambaa kwa magoti kupeleka bakuli kunatoweka, na hapo ndipo msaidizi, hanto, anapokuwa wa lazima: yeye huchukua bakuli mezani na kumpelekea mgeni. Salamu hufanywa kwa kuinama kwenye kiti, mikono mapajani.

Wapo wanaosema meza imepunguza chai. Hatukubaliani nao. Mwendo wa kupiga bakuli ni uleule, na mtu mwenye magoti mabovu amerudishiwa nafasi chumbani.

Wiki ya 11 na ya 12: ukumbi

Kikao cha nne, na huyu ndiye mnyama mkubwa wa mradi. Oyose-chakai ni mkusanyiko wa wageni wengi wanaoingia kwa awamu. Kila awamu hupata kitamutamu na bakuli moja la usucha, na mlo, ukiwepo, ni tenshin, chakula chepesi, ndani ya boksi. Ndiyo sura ya chai ambayo Wajapani wengi wa nusu ya pili ya karne waliifahamu. Tumepanga awamu 8, wageni 30 kila moja, dakika 40 kila awamu.

Kinachoonekana ukumbini: mwenyeji hupiga bakuli la mgeni mkuu na la mgeni wa pili. Hanto hueleza hati iliyotundikwa, ua, bakuli. Mabakuli mengine 28 hutoka mizuya, nyuma ya pazia la karatasi, yakiwa yamekwisha kupigwa. Huitwa tatedashi. Mgeni wa 17 hajamwona aliyempigia chai yake.

Jaribio la kwanza lilishindwa. Mtu mmoja mizuya, sekunde 30 kwa kila bakuli kuanzia kumimina mpaka kumaliza povu, ni dakika 14 kwa mabakuli 28. Bakuli la kwanza lilipokuwa linasubiri wenzake, povu lilikwisha, unga ulizama chini na chai ikapoa. Jaribio la pili tuliweka unga kwenye mabakuli yote mapema ili kuokoa muda. Mabakuli yalikuwa yamepashwa na hayakufutwa sawasawa. Unga ukanyonya unyevu na kushika chini kama saruji. Chasen haikuung’oa.

Mpangilio uliofaulu: mtu mmoja anazamisha mabakuli kwenye beseni la maji moto na kuyafuta mpaka yakauke kabisa. Mmoja anaweka unga, bakuli nne kwa mara, si zaidi ya zitakazopigwa papo hapo. Wanne wanapiga, kila mmoja na chasen yake, na kazi ya dakika 14 inakuwa ya dakika tatu na nusu. Wanne wanabeba, wawili wawili. Mmoja anaosha yanayorudi. Mkuu wa mizuya hapigi chai wala habebi. Anasikiliza ukumbi na kutoa ishara vitamutamu vinapoanza kuliwa, maana chai inapaswa kufika mgeni akiwa na utamu mdomoni. Jumla ni watu 12 nyuma, na mbele wawili.

Chasen zilowekwe maji ya uvuguvugu kabla, na zikaguliwe baada ya kila awamu. Mwanzi mkavu huvunjika ncha, na ncha hiyo huishia mdomoni mwa mgeni. Nyingi hutengenezwa Takayama, mkoa wa Nara. Kwa kazi hii yenye ncha 80 inavumilia kuliko ya 120.

Linganisha sasa na wiki ya 1. Kwenye chaji, mtu mmoja mwenye msaidizi wa jikoni hutumia saa nne kwa watu watano. Hapa watu 14 hutumia dakika 40 kwa watu 30. Mkono unaopiga bakuli haujabadilika tangu vitabu vya Meiji. Kilichobadilika ni umbali kati ya anayepiga na anayekunywa. Tumeamua mchoro wa mizuya uwe mkubwa kuliko mchoro wa chumba cha chai, na utangulie.

Wiki ya 13: umeme na nyumba za ghorofa

Shirika la nyumba la Japani lilianzishwa mwaka 1955, na danchi, mitaa ya majengo ya ghorofa, zikaenea. Ro inahitaji shimo la sentimita 42.4 kila upande chini ya mikeka; sakafu ya zege haina nafasi hiyo. Mkeka nao umepungua: wa Kyoto ni sentimita 191 kwa 95.5, wa danchi ni takriban 170 kwa 85. Anayehesabu hatua kama alivyofundishwa Kyoto anafika ukutani kabla hajamaliza. Hatua zifupishwe, idadi ibaki.

Jiko la umeme ndani ya ro au furo liliondoa moshi, cheche na hofu ya moto. Lina hitilafu mbili. Likiachwa kwenye nguvu kubwa, maji huchemka kwa fujo na chai hupata uchungu. Lipunguzwe mara sauti ya chungu inapotulia kuwa mlio mmoja. Sauti yenyewe ipo, kwa kuwa vile vipande vya chuma bado vimo chunguni. Hitilafu ya pili ni kubwa zaidi: mtu anaweza kujifunza miaka mingi bila kufinyanga majivu wala kupanga makaa, kisha akialikwa kwenye chaji anakuta nusu ya kikao ni kitu ambacho hajawahi kukigusa. Kikao cha tano, somo la kawaida la jioni, tumekirekodi kwa umeme jinsi kilivyo, bila kukipamba kwa makaa.

Wiki ya 14: yaliyobaki

Sura za makaa, vipimo na mizuya zimekamilika. Sura ya meza inasubiri michoro miwili ya mkono: kiwiko juu mno na kiwiko mahali pake. Jedwali la gramu limehakikiwa mara mbili. Kikao cha ukumbi kitarudiwa mara moja zaidi, safari hii mwenyeji wa mbele akipangiwa kazi mizuya na mmoja wa wapigaji akikaa mbele, ili tupime kama muda wa dakika tatu na nusu unashikilia watu wakibadilishana nafasi. Makaa ya kunugi yameoshwa na yako juani.